‘Maji ya betri’ si maji: Dakika 20 zinazoweza kuokoa jicho la mvuvi

HUENDA wewe msomaji unaishi Nairobi, Kisumu au Mombasa, na hujawahi kukanyaga kisiwa chochote cha Ziwa Victoria. Hata hivyo, omena uliyonunua sokoni wiki hii yaelekea ilivuliwa usiku wa giza, kwa mwanga wa taa iliyowashwa kwa betri. Na ndani ya betri nyingi za aina hiyo kuna kitu ambacho watu wengi hukiita “maji”, ilhali si maji hata kidogo. Ni asidi.

Asidi hiyo ikimwagika mguuni huacha kidonda. Ikiruka machoni inaweza kumpofusha mtu kabla hajafika hospitalini. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ya kwanza na iliyo bora kuliko zote haiuzwi dukani. Ni maji ya kawaida, mengi, yamwagwe mara moja. Anayelijua jambo hili huweza kupona. Asiyelijua huenda akapoteza dakika zake muhimu akitafuta dawa ya meno au unga wa kupaka.

Makala ya leo yanaeleza hatari ya asidi kazini, jinsi ya kujikinga na jinsi ya kumsaidia mwenzako anapoungua.

Kisiwa kinachotegemea betri

Remba ni kisiwa kidogo cha mawe katika Kaunti ya Homa Bay, upande wa Suba, si mbali na mpaka wa maji kati ya Kenya na Uganda. Nyumba za mabati zimebanana, na katika eneo hilo dogo huishi maelfu ya watu: wavuvi, wachuuzi wa samaki, wenye vioski, mafundi wa injini na wengineo, wakiwemo waliotoka Uganda na Tanzania. Kazi kuu ni uvuvi wa mbuta na omena.

Omena huvuliwa usiku mwezi unapokuwa haupo. Taa huwekwa juu ya maji ili mwanga wake uwavute samaki hao wadogo, kisha nyavu hutupwa. Kwa miaka mingi wavuvi walitumia karabai za mafuta ya taa, ambazo nazo zilikuwa na ajali zake za moto. Katika miaka ya 2000 mambo yalianza kubadilika. Mwaka wa 2008, kampuni ya taa ya Osram ilifungua mjini Mbita kituo cha kuchaji taa na betri kwa nguvu za jua na kuzikodisha kwa wavuvi. Tangu wakati huo taa za umeme zimeenea ziwani. Baadhi yake zina betri ndogo zilizofungwa kabisa, lakini nyingine huunganishwa na betri za pikipiki au za gari.

Kwa ufupi, mvuvi wa omena hubeba umeme wake mwenyewe. Asubuhi betri hupelekwa kuchajiwa, jioni hurudishwa mashuani. Ongeza betri za nyumba zenye sola, za vioski vya kuchaji simu na za maduka ya video. Katika kisiwa kidogo namna hiyo, ni vigumu kupita siku bila kukutana na betri.

Ndani ya betri kuna nini?

Betri ya aina hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859, na hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Ni vipande vya madini ya risasi vilivyozamishwa katika asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Betri iliyojaa chaji huwa na asidi ya takriban asilimia 30 hadi 40 kwa uzito. Hicho ni kiwango cha kutosha kuunguza ngozi, kutoboa nguo na kuharibu jicho.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Mitaani, asidi inayotiwa ndani ya betri mpya huitwa “maji ya betri”. Maji safi yasiyo na chumvi, yanayoongezwa betri inapopungukiwa, nayo huitwa “maji ya betri”. Vitu viwili tofauti vimepewa jina moja, na vyote havina rangi. Vikiwekwa katika chupa za soda zilizokwisha kutumika, hakuna atakayevitofautisha kwa macho. Fundi anaweza kutia asidi mahali palipohitaji maji, na mtoto mwenye kiu anaweza kunywa.

Lipo pia jambo ambalo wengi hawalijui. Tone la asidi lililoanguka kwenye suruali au kwenye benchi haliishi kwa kukauka. Maji yake hupaa, asidi ikabaki, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi kuwa kali. Ndiyo maana mtu hurudi nyumbani nguo ikiwa nzima, na baada ya siku chache akaona matundu.

Ajali hutokea vipi?

Kuna njia nne zinazojulikana sana, na zote zinaweza kukutwa katika kisiwa kama Remba na vilevile katika gereji ya mtaani kwako.

Ya kwanza ni mlipuko. Betri inapochajiwa, hasa ikipita kiasi, hutoa hewa ya hidrojeni. Hewa hii haina rangi wala harufu, na ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyomo chumbani inaweza kuwaka. Fikiria kibanda cha mabati kilichofungwa, betri kumi zikichemka kwa chaji, na mtu akawasha sigara au kuleta jiko la makaa. Hata cheche ndogo inayoruka waya unapochomolewa inatosha. Betri hupasuka, na asidi humrukia usoni yule aliyeinama juu yake.

Ya pili ni kumwagika chomboni. Mashua huyumba, na betri isiyofungwa hupinduka. Asidi huchanganyika na maji yaliyo sakafuni mwa mashua, na wavuvi husimama humo miguu mitupu usiku kucha. Kwa kuwa miguu tayari imelowa na kupata baridi, mtu anaweza asihisi mwasho mapema. Anapopambazukiwa, ngozi imekwisha kuchubuka.

Ya tatu ni kubeba. Betri ya gari ni nzito. Kijana huiweka begani au kichwani kutoka ufuoni hadi kwa mchaji, na kifuniko kikiwa kimelegea, asidi hutiririka shingoni na mgongoni.

Ya nne ni kuongeza na kuchanganya. Hapa ndipo asidi huruka machoni wakati inapomiminwa bila faneli, au fundi anapoifungua betri iliyozibwa kiwandani ili “aifufue”. Anayechanganya asidi kali na maji yuko katika hatari kubwa zaidi. Kanuni ni moja: tia asidi polepole ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya asidi. Ukikosea, mchanganyiko huo huchemka papo hapo na kukurukia.

Asidi hufanya nini mwilini?

Ukivunja yai kwenye kikaango, ute wake hubadilika ukawa mweupe na mgumu. Asidi hufanya jambo linalofanana na hilo kwenye protini za ngozi yako, ijapokuwa hakuna moto. Asidi ya salfuri ikiwa kali sana huongeza madhara mengine mawili: hunyonya maji kutoka katika nyama za mwili, na hutoa joto inapokutana na maji hayo. Kwa hiyo mtu huunguzwa na asidi, kisha akaunguzwa na joto lake.

Moto ukiuzima, kuungua hukoma baada ya muda mfupi. Asidi haikomi hadi iondolewe au iishe nguvu. Kila dakika inayopita ikiwa juu ya mwili, kidonda huzidi kuzama. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kwamba matibabu yaanze pale pale ajali ilipotokea, na si hospitalini.

Jicho ndilo hatarini zaidi. Kile kioo cha mbele cha jicho, kinachopitisha mwanga, ni chembamba mno. Asidi ikikifikia huweza kukifanya cheupe kama maziwa, na kovu likibaki hapo uwezo wa kuona hupungua au hupotea.

Dakika 20 za kwanza

Kutoka Remba hadi hospitali ya Mbita au ile kubwa ya Homa Bay ni safari ndefu ya mashua ya injini, na ziwa likichafuka safari hiyo huahirishwa. Kwa hiyo, msomaji, usimpakie mgonjwa wa asidi mashuani kabla ya kumwosha. Fanya hivi:

1. Mwondoe mahali pa hatari, na wewe mwenyewe ujikinge. Vaa glovu ikiwa zipo, au mfuko wa plastiki mikononi, usije mkawa wagonjwa wawili.

2. Mmwagie maji mengi mara moja, huku ukimvua nguo, viatu, saa na pete. Nguo iliyoloa asidi usiivutie juu ya uso wake. Ikate kwa makasi au kisu. Usingoje kuvua nguo zote ndipo uanze kumwaga maji.

3. Endelea kumwaga kwa angalau dakika 20 bila kukatiza. Tazama saa, kwa maana dakika 20 ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Maji yatiririke kutoka kwenye kidonda kuelekea chini, yasipitie sehemu nzima ya mwili.

4. Ikiwa ni jicho, mlaze kwa ubavu, jicho lililoumia likiwa upande wa chini. Fungua kope kwa vidole hata kama anazibana kwa maumivu, kisha mimina maji polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, ili yasiingie katika jicho la pili. Hapa pia dakika ni 20 au zaidi. Iwapo kuna maji ya kutosha, endelea hata mkiwa safarini.

5. Baada ya hapo funika kidonda kwa kitambaa safi au mfuko mpya wa plastiki, mfunike mgonjwa asipate baridi, kisha mpeleke kwa daktari. Chukua chupa au kifuniko chenye jina la kemikali, au ukumbuke jina hilo, ili daktari ajue anapambana na nini.

Wengi huuliza: maji gani? Maji safi ndiyo bora. Lakini ikiwa ufuoni hakuna isipokuwa maji ya ziwa, basi yatumie kuliko kusimama kungoja. Uchafu wa ziwa unaweza kuleta maradhi, nayo daktari atayashughulikia baadaye ukimweleza. Jicho lililokwisha kuunguzwa na asidi ni vigumu zaidi kulirejesha.

Makosa ya kuepuka

Usipake dawa ya meno, unga, ute wa yai, mafuta ya samaki wala asali. Vitu hivi huifungia asidi ndani na kumpa daktari kazi ya kuvibandua.

Usijaribu “kuua” asidi kwa magadi au majivu juu ya ngozi. Ni kweli kwamba magadi huondoa ukali wa asidi, na hutumika vizuri kusafisha asidi iliyomwagika sakafuni. Lakini vikikutana juu ya mwili huleta joto, na muda unaotumika kuyatafuta ni muda ambao maji yangekuwa yakifanya kazi.

Usifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Maji kidogo huisambaza asidi, na kama ni ile kali huipasha joto. Maji mengi huipunguza nguvu na kuiondoa.

Usipasue malengelenge. Na kama mtu amekunywa asidi, usimtapishe, kwa sababu itamuunguza koo mara ya pili inapotoka. Mwache asuuze kinywa kwa maji na kuyatema, kisha akimbizwe hospitalini.

Ni nani wa kwenda hospitalini? Kila aliyeungua jicho, uso, mkono, unyayo, sehemu za siri au kwenye kiungo kama goti na kiwiko, hata kama kidonda ni kidogo. Vilevile yeyote aliyeungua eneo kubwa kuliko kiganja chake pamoja na vidole, eneo ambalo ni takriban asilimia 1 ya mwili. Huko hospitalini atapimwa kama asidi imekwisha, ataoshwa tena ikibidi, na atadungwa sindano ya kuzuia pepopunda ikiwa anaihitaji. Vidonda vilivyozama sana huhitaji kubandikwa ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili.

Dhahabu na moshi wa kahawia

Betri si chanzo pekee cha asidi katika ukanda huo wa ziwa. Katika Kaunti jirani ya Migori, eneo la Nyatike na Macalder, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hatari ya zebaki wanayoitumia kunasa dhahabu imesemwa sana. Inayotajwa kwa nadra ni asidi ya nitriki, ambayo hutumiwa katika biashara ya dhahabu kusafisha madini hayo kwa kuyeyusha fedha na shaba zilizochanganyika nayo.

Asidi hii huacha alama ya manjano kwenye ngozi, na huo ni ushahidi kwamba ngozi imeungua. Inapokutana na metali hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Mtu aliyeuvuta anaweza kujihisi mzima, akala na kulala, kisha baada ya saa kadhaa akashindwa kupumua kwa sababu mapafu yamejaa maji. Kwa hiyo aliyevuta moshi huo kwa wingi apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama hakohoi.

Kujikinga hakuhitaji mali nyingi

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Lakini ajali za asidi nyingi zina kinga, na ni ya bei nafuu ukilinganisha na jicho.

• Mwenye kibanda cha kuchaji afungue madirisha pande mbili, apige marufuku sigara na jiko, na azime chaja kabla ya kuchomoa waya.

• Anayegusa asidi avae miwani ya kuziba pande zote, glovu za mpira na gambuti. Suruali ishuke nje ya gambuti, isichomekwe ndani, ili asidi isitiririke kwenye mguu.

• Betri mashuani ikae wima ndani ya kasha la plastiki na ifungwe kwa kamba.

• Betri inayotumika ikipungukiwa na maji, iongezewe maji safi yasiyo na chumvi, si asidi.

• Asidi isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Chupa iandikwe neno ASIDI kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kiluo, na ifungiwe mbali na watoto.

• Kila mahali pa kuchajia pawe na mitungi miwili ya lita 20 iliyojaa maji safi na kata ya kumwagia. Lita 40 hukupa lita 2 kila dakika kwa dakika 20. Maji hayo yasiguswe kwa kupikia wala kuoga.

Kamati za usimamizi wa fuo, ambazo zimekuwa na kanuni zake kisheria tangu mwaka wa 2007, zinaweza kulifanya hili la mwisho kuwa sharti. Mitungi miwili haihitaji mfadhili.

Sheria inasemaje?

Mwaka wa 2007 Kenya ilipitisha sheria mbili ambazo kila mfanyakazi anafaa kuzijua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inamtaka mwajiri awaeleze wafanyakazi hatari ya kemikali wanazotumia, awape vifaa vya kujikinga na kuweka huduma ya kwanza kazini. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini inampa aliyeumia haki ya kulipwa. Aliyeumia humwarifu mwajiri wake mapema, naye mwajiri huripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini katika muda wa siku 7. Dai la fidia linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.

Ugumu ni kwamba vijana wengi wa mashuani na wa vibanda vya kuchaji hawana barua ya kazi. Hulipwa kwa mgao wa samaki au kwa siku. Kijana akiungua, ni rahisi kwa mwenye mali kusema hamjui. Kwa hiyo ni busara ajali iandikwe siku hiyo hiyo kwa kamati ya ufuo, mashahidi watajwe, na karatasi za hospitali zihifadhiwe.

Tusisahau betri zilizokufa. Kumwaga asidi yake mchangani ili kuuza madini ya risasi ni kumwaga sumu mbili kwa wakati mmoja. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaujua uchungu wa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kesi yao ilihitimishwa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2024, baada ya miaka mingi ya kupigania fidia. Betri kuukuu irudishwe ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye leseni.

Nawe uliye mjini, ukipeleka gari kuongezewa “maji ya betri”, muulize fundi: ni maji au ni asidi? Tazama kama amevaa miwani. Kisha tazama kama pana mtungi wa maji karibu. Ikiwa haupo, mwambie auweke leo, na umweleze sababu.